Filimbi ya Takemitsu: sauti iliyoanzia vitani

Huku Baraka, ukisema filimbi, wengi wanafikiria refa wa mpira. Filimbi inayosikika katika sahani ya Naxos yenye muziki wa Toru Takemitsu ni nyingine: bomba la chuma linaloshikwa kwa kando na kupulizwa polepole. Anayepiga ni Mkanada Robert Aitken, na kundi lake New Music Concerts Ensemble.

Takemitsu alizaliwa Tokyo mwaka 1930. Habari za ujana wake si ngeni kwa familia za Fizi. Mwaka 1944, akiwa na miaka 14 tu, aliingizwa kwa nguvu katika kazi za jeshi. Muziki wa Wazungu ulikuwa umekatazwa. Siku moja afisa mmoja aliwapigia vijana wimbo wa Kifaransa kwenye gramafoni, na huyo mtoto akaamua moyoni kwamba akipona vita atafanya muziki. Akapona, akajifunza kutunga, sehemu kubwa peke yake. Muziki wa kwao wa asili aliuchukia muda mrefu kwa sababu ulimkumbusha vita. Alikuja kuurudia baadaye, na mwaka 1967 alitumia filimbi ya mianzi, shakuhachi, pamoja na okestra kubwa ya New York.

Kazi ngumu zaidi kusikiliza ni Voice, ya mwaka 1971. Mpigaji ananong'ona, anapaza sauti, anasema maneno ya Kifaransa na Kiingereza ndani ya bomba. Ni maneno ya mshairi Shuzo Takiguchi, mfano wa mlinzi wa usiku anayeuliza mtu asiyemwona. Hapa Fizi swali hilo halihitaji mtafsiri.

Toward the Sea ni laini. Iliagizwa na Greenpeace mwaka 1981 katika kampeni ya kuokoa nyangumi. Anayekaa kando ya Ziwa Tanganyika ataelewa ule mwendo wa maji, hata kama nyangumi hajawahi kumwona.

Anayetaka kuanza, aanze na Air. Takemitsu aliiandika mwaka 1995, akiwa tayari mgonjwa wa kansa, kama zawadi kwa Mswisi Aurèle Nicolet, mpiga filimbi aliyekuwa anakaribia kutimiza miaka 70. Ilipigwa mara ya kwanza Januari 1996. Takemitsu alifariki tarehe 20 Februari.