Basi Lipite Wapi, na Nani Aulizwe?

Jiji la Dar es Salaam limejaribu karibu kila namna ya kusafirisha watu kwa basi. Mwaka 1974 liliundiwa shirika la umma, UDA. Magari ya shirika hilo yalipokuwa hayatoshi tena, mwaka 1983 Serikali iliruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria, nayo yakaitwa daladala, jina lililotokana na "dala", yaani shilingi tano. Mwezi Mei 2016 yakaanza mabasi ya mwendo wa haraka yenye njia yake ya pekee kutoka Kimara hadi Kivukoni. Mitindo ilibadilika, lakini swali lilibaki lile lile: basi lipite wapi?

Wako wanaodhani kwamba swali hili ni la mhandisi peke yake, na wako wanaodhani kwamba latosha kuitisha mkutano na kuhesabu mikono. Hesabu ndogo, ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuifanya, yaonyesha kwamba pande zote mbili zimekosea.

Tuchukue eneo lenye upana wa kilomita 4, ambalo wakazi wake wametawanyika sawasawa. Tuna mabasi 20, na kila moja hutumia dakika 80 kwenda na kurudi. Tuseme pia kwamba vituo ni vingi, hivi kwamba umbali wa kuhesabiwa ni ule wa kuifikia barabara tu. Mabasi yote yakipita katika barabara moja ya katikati, basi litafuatwa na jingine kila baada ya dakika 4, na abiria afikaye bila kujua ratiba atangoja kwa wastani nusu ya muda huo, yaani dakika 2. Lakini akaaye pembeni kabisa hutembea kilomita 2, na akaaye kando ya barabara hatembei kitu. Wastani ni kilomita 1, sawa na dakika 12 kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa. Jumla ni dakika 14.

Sasa tuyagawe mabasi hayo katika barabara mbili zilizopangwa vema. Kutembea kutapungua hadi dakika 6, na kungoja kutaongezeka hadi dakika 4: jumla dakika 10. Tukiyagawa katika barabara nne, kutembea ni dakika 3 na kungoja dakika 8: jumla 11. Kwa hiyo barabara mbili ndizo bora. (Hapa tumedhani kwamba mabasi huja kwa nafasi sawa. Yakija mawili mawili kwa kufuatana, kama yafanyavyo mara nyingi, abiria wa barabara mbili atangoja dakika 8 badala ya 4, ingawa idadi ya mabasi haikupungua hata moja.)

Je, mhandisi amemaliza kazi? La. Amechukulia kwamba dakika ya kutembea na dakika ya kungoja zina uzito mmoja. Mama aliyebeba ndoo ya samaki kichwani, mzee mwenye maumivu ya goti, au mwanafunzi anayepita gizani alfajiri hatakubali. Tuseme kwao dakika ya kutembea ina uzito wa dakika mbili za kungoja. Turudie hesabu: barabara moja yatoa 26, mbili zatoa 16, na nne zatoa 14. Jibu limegeuka! Mabasi ni yale yale na eneo ni lile lile. Kilichobadilika ni uzito mmoja tu, na uzito huo hautokani na hesabu za mhandisi peke yake. Wenye kuujua ni abiria wenyewe.

Ndiyo maana namna ya kuuliza ina maana kubwa. Ukiwauliza watu "Mwataka nini?" watajibu kwamba wanataka basi karibu na mlango na lije kila dakika, nao si wakosaji, maana hawakuambiwa kwamba mabasi ni 20. Mji wa Houston, Marekani, ulipopanga upya njia za mabasi yake, ulianza na swali la mgawanyo: sehemu gani ya huduma ielekezwe penye abiria wengi, na sehemu gani ifike hata penye abiria wachache? Iliamuliwa asilimia 80 kwa 20. Ndipo njia zilipochorwa, rasimu ikapelekwa kwa wananchi, ikarekebishwa, na mwezi Agosti 2015 mtandao mpya ukaanza kutumika.

Mwananchi ana pia elimu ya mahali. Karakana ya mabasi ya mwendo wa haraka ya Dar es Salaam ilijengwa Jangwani, katika bonde la mto Msimbazi, ambako mafuriko ya Desemba 2011 yalikuwa yameleta maafa makubwa. Baada ya huduma kuanza, maji yaliivamia karakana hiyo zaidi ya mara moja na safari zikasimama. Mkazi wa kale wa Magomeni angeweza kuonyesha kwa kidole mahali maji yanapofika.

Hata hivyo, maoni ni vipimo, na vipimo vyaweza kupotoka. Mkutano wa saa nne asubuhi huwapata wenye nafasi saa nne asubuhi. Ukiwahoji waliosimama kituoni, umewakosa wale waliokwisha kata tamaa na kwenda kwa miguu, na yamkini hao ndio wenye habari muhimu kuliko wote.

Vipimo vyenyewe havihitaji mitambo ya gharama. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na vyuo vya Marekani, walipanda matatu wakiwa na simu za mkononi, wakarekodi kila kituo. Mwaka 2014 ilitolewa ramani ya njia zaidi ya 100 ambazo hazikuwa zimewahi kuchorwa pamoja. Shule iliyo karibu na barabara yaweza kuanza na saa na daftari. Wanafunzi wawili waandike kwa saa moja wakati wa kufika kwa kila basi, wengine wawili wasimame mita mia moja mbali na kituo, wakiwauliza wapitao kwa miguu kwa nini hawakungoja.