Ndege ndogo, uwanja wa nyasi na uhai wa mgonjwa wako

Na DAKTARI WETU

ILIKUWA yapata saa kumi na moja na nusu jioni, mwaka wa 2011. Ndege yetu ndogo ilikuwa ikizunguka kwa mara ya tatu juu ya kiwanja cha nyasi kaskazini mwa nchi. Chini yetu, katikati kabisa ya njia ya kutua, ng'ombe wapatao thelathini walikuwa wakila majani bila wasiwasi wowote.

Kando ya kiwanja palikuwa na pikapu, na ndani yake alilala kijana aliyegongwa na lori saa nne asubuhi. Simu ya kuomba ndege ilipigwa saa nane mchana.

Rubani alitazama saa yake, kisha akalitazama jua.

"Daktari," akaniambia, "wakiwaondoa ng'ombe hawa katika dakika kumi, tutashuka. Wasipowaondoa, turudi Nairobi tuje kesho asubuhi."

Kwa yale niliyokuwa nimeelezwa na muuguzi kwa simu, nilijua kijana yule hangeiona kesho asubuhi.

Mpendwa msomaji, huenda ukajiuliza haya yanakuhusu vipi wewe unayeishi mjini, karibu na hospitali kubwa. Yanakuhusu sana. Baba na mama yako wako mashambani. Mambo yakiharibika, simu itapigwa kwako. Wewe ndiwe utakayeulizwa kama ndege iitwe au isiitwe, na wewe ndiwe utakayetafuta pesa.

Kabla ya kufungua kliniki yangu mjini, nilifanya kazi kwa miaka michache ya kuwachukua wagonjwa kwa ndege. Jambo moja nililojifunza ni kwamba ndege peke yake haiokoi mtu. Nusu ya kazi hufanywa na watu walio chini, kabla hata mlio wa injini haujasikika.

Huduma ya namna hii si ngeni kwetu. Mwaka wa 1957 madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha mpango wa madaktari wa ndege ambao baadaye ulikuja kujulikana kama AMREF. Wakazi wa Lamu na wa kaskazini nao hawajamsahau Anne Spoerry, aliyeitwa 'Mama Daktari', ambaye kwa miaka mingi aliendesha ndege yake mwenyewe kwenda kuwatibu katika viwanja vya vumbi na nyasi. Alifariki mwaka wa 1999.

Nyasi si lami

Watu wengi hudhani kwamba ndege ndogo yaweza kutua popote penye nafasi. Sivyo.

Kila ndege ina kitabu kinachoeleza inahitaji umbali gani ili kutua na kuruka. Hesabu za kitabu hicho kwa kawaida ni za njia ya lami, ngumu na kavu. Kwenye nyasi mambo hubadilika. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza huwashauri marubani wa ndege ndogo waongeze asilimia 15 ya umbali wa kutua kwenye nyasi kavu, na asilimia 35 kwenye nyasi zilizolowa.

Nyasi fupi sana, zilizoliwa na mifugo zikabaki kama zulia juu ya udongo mgumu, zikilowa huteleza hata zaidi. Hapo umbali waweza kuongezeka kwa asilimia 60. Breki hazishiki kitu.

Isitoshe, kuna urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari. Kadiri uwanja ulivyo juu ndivyo hewa ilivyo nyepesi, na ndege hutua ikiwa na kasi kubwa zaidi. Kwa kila futi 1,000 rubani huongeza asilimia 5.

Tuseme ndege inahitaji mita 500. Ipeleke kwenye uwanja wa nyasi zenye maji, ulio futi 5,000 juu ya bahari kama ilivyo sehemu kubwa ya nyanda zetu za juu. Zile mita 500 sasa zimepita 800. Kama uwanja wenu una mita 700, rubani atageuza, na hatakuwa amewadharau. Kuanguka kwake hakutamfaa mgonjwa.

Kuondoka ndiko kugumu zaidi. Ndege imeongezewa mgonjwa na jamaa yake, magurudumu yanavutwa na matope, na kwa kila futi 1,000 za urefu umbali wa kuruka huongezeka kwa asilimia 10. Ndiyo maana rubani huuliza kwa simu, "Mvua imenyesha?" Tafadhali mjibu ukweli. Wapo wanaojibu "hapana" wakihofia ndege itakataa kuja. Uongo huo waweza kuua watu watano badala ya kumwokoa mmoja.

Hewa iliyonaswa kifuani

Siku ile wachungaji walituelewa. Tuliwaona wakikimbia na fimbo, ng'ombe wakitawanyika, na rubani akashuka.

Nilimkuta kijana akihema mara arubaini kwa dakika. Upande wa kulia wa kifua chake haukuwa ukisogea. Mbavu zilizovunjika zilikuwa zimetoboa pafu, na hewa ilikuwa imejaa kati ya pafu na ukuta wa kifua.

"Daktari, mpakieni tu muende!" jamaa zake walinihimiza. "Jua linatua!"

Nilikataa. Nilipiga magoti pale pale nyasini, nikamchoma dawa ya ganzi, nikapitisha mpira kati ya mbavu zake. Hewa ilitoka kwa sauti kama ya gurudumu la baiskeli lililotobolewa. Kazi hiyo ilitula dakika kumi na mbili, na rubani hakuacha kuniangalia.

Kwa nini nilipoteza dakika hizo? Ndege nyingi ndogo zinazotua nyasini hazina mitambo ya kuhifadhi shinikizo la hewa ndani. Zinapopanda, hewa iliyofungiwa popote mwilini hufutuka. Mtu akitoka Lodwar, ambako ni karibu mita 500 juu ya bahari, akapandishwa hadi mita 3,000 ili kuvuka milima, hewa iliyonaswa ndani yake huongezeka kwa kiasi cha theluthi moja.

Tumboni, hali hiyo huleta kujamba na kuumwa kidogo tu. Kifuani, hulikandamiza pafu na hata moyo. Kijana yule angekufa angani, mikononi mwangu, nami nisingekuwa na nafasi ya kufanya lolote.

Kwa sababu hiyo hiyo, plasta mpya ya mfupa uliovunjika hupasuliwa kabla ya safari, kwani kiungo huvimba ndani yake. Kwa hiyo ukiona daktari wa ndege anachelewa uwanjani, usimfokee. Anamtayarisha mgonjwa kwa safari ya juu.

Tuliruka saa kumi na mbili na dakika ishirini. Baada ya wiki tatu kijana alirudi kwao kwa basi.

Simu iliyochelewa

Si wote waliokuwa na bahati hiyo.

Mwaka uliofuata tulipokea simu saa kumi na mbili jioni. Mama mmoja alikuwa amejifungua alfajiri ya siku hiyo, na damu ilikuwa haikatiki. Siku nzima familia ilikuwa ikitafuta gari, ikitafuta pesa, na ikimngoja mume arudi atoe idhini.

Kiwanja chao hakikuwa na taa. Huko kwetu jua hutua karibu saa kumi na mbili unusu mwaka mzima, na giza huingia upesi. Hakuna rubani mwenye akili timamu atakayetua gizani kwenye nyasi asizoziona, zenye mashimo na wanyama.

Tuliondoka Nairobi kulipopambazuka. Saa mbili asubuhi tulitua vizuri sana, kwenye kiwanja kilichofyekwa na kusafishwa usiku kucha kwa mwanga wa tochi. Wanawake walikuwa wameketi kando, kimya, na kati yao palikuwa na mtu aliyefunikwa leso. Hatukuhitajika tena.

Kama simu hiyo ingepigwa saa sita mchana, leo ningekuwa nikiwasimulia habari nyingine. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo.

Mambo ya kufanya

Ikiwa jamaa yako yuko mbali na ndege inahitajika, zingatia haya:

Kwanza, piga simu mapema. Usingoje pesa zote zipatikane ndipo uulize. Uliza kwanza, huku wengine wakichanga. Uwe na habari hizi: umri wa mgonjwa, kilichompata, anapumuaje, ana fahamu au hana, na shinikizo lake la damu kama zahanati imelipima. Toa jina la uwanja na nambari ya simu ya mtu atakayekuwa pale pale uwanjani.

Pili, tayarisheni uwanja. Watu wajipange mstari mmoja, watembee kutoka mwanzo hadi mwisho wakitafuta mawe, vichuguu na mashimo ya ngiri. Shimo lililofichwa na nyasi ndefu laweza kuvunja mguu wa ndege. Wekeni vijana pande zote mbili wawazuie ng'ombe, mbuzi na punda, na wasiondoke mpaka ndege iwe imeruka tena. Rubani akipita chini bila kutua, msidhani amekasirika. Anaukagua uwanja.

Tatu, mwonyesheni upepo. Ndege hutua ikiukabili upepo. Kama hakuna mfuko wa kuonyesha upepo, washeni moto mdogo wa majani mabichi kando ya uwanja, mbali na njia ya kutua. Moshi utamwambia rubani yote anayotaka kujua.

Nne, jihadharini na propela. Inapozunguka kwa kasi haionekani, lakini inakata kuliko panga. Watoto hupenda kuikimbilia ndege ikiwa bado inanguruma. Kila mtu akae mbali mpaka propela isimame kabisa na rubani atoe ishara. Kamwe usiijie ndege kutoka mbele.

Tano, mtunzeni mgonjwa. Anayetoka damu kwenye jeraha, mkandamizeni pale kwa kitambaa safi. Aliyeanguka au kugongwa asipindwe shingo wala mgongo. Anayeelekea kupasuliwa asipewe chai wala uji, hata kama amewaomba. Mfunikeni blanketi, kwani angani ni baridi. Chagueni jamaa mmoja tu wa kuandamana naye, asiye na mizigo.

Nawe abiria

Huenda wewe mwenyewe ukapanda ndege ndogo kwenda Mara au Lamu kwa likizo. Yapo machache ya kukumbuka.

Ukiulizwa uzito wako, usijipunguzie kilo kwa kuona haya. Rubani anapiga hesabu ya kuruka, hakuhukumu. Ukiambiwa mizigo isizidi kilo 15, sababu ni hiyo hiyo.

Ukiwa na mafua makali, ahirisha safari ukiweza. Masikio huuma sana ndege inaposhuka. Meza mate, tafuna peremende, na mpe mtoto mchanga titi anyonye wakati huo. Wanaotapika safarini wamwone mfamasia mapema, kwa kuwa dawa hizo humezwa kabla ya safari, tena waketi karibu na bawa na kutazama mbali.

Wenye ugonjwa wa selimundu, upungufu mkubwa wa damu, moyo au mapafu wamwone daktari kwanza. Hewa ya juu ina oksijeni haba, na kwa mgonjwa wa selimundu hali hiyo yaweza kuamsha maumivu makali. Nao wanaopiga mbizi baharini kwa mitungi ya hewa ni salama zaidi wakingoja saa 24 kabla ya kupanda ndege.

Uliza leo

Viwanja vingi vya nyasi vilivyotayarishwa zamani kwa nguvu za wananchi hugeuka malisho, au viwanja vya mpira, au mashamba. Hakuna anayeona hasara mpaka siku ya shida.

Kwa hivyo jioni ya leo, utakapopiga simu nyumbani kuwajulia hali wazee, uliza swali moja zaidi. Uwanja wetu wa ndege uko katika hali gani? Nyasi zilikatwa lini? Nani ana nambari ya simu ya kuitia ndege? Uliza pia kama bima yako inalipia usafiri wa mgonjwa kwa ndege, kwani nyingi hazilipii, na wapo wanaotoa uanachama wa mwaka kwa ada isiyo kubwa.

Katika mkutano wenu ujao wa harambee, tengeni siku moja ya kufyeka na kuziba mashimo. Kazi hiyo haihitaji daktari wala rubani. Inahitaji mapanga, majembe na watu wachache wenye moyo, nayo ifanywe mchana, kabla mgonjwa hajawekwa kwenye pikapu.