Mwaka Mpya na Zamu ya Mama Kusoma

Mwezi wa Muharram umetuingilia tena, na kwa neema ya Mwenyezi Mungu tumejaaliwa kuufungua mwaka mwingine wa Hijriya. Kila mlango wa mwaka watu huweka azma. Mmoja huazimia kupunguza madeni, mwingine kumalizia nyumba, mwingine kuzidisha saumu za sunna. Juma hili twapenda kuzungumza na kina mama na dada zetu kuhusu azma ambayo aghalabu haitajwi kabisa, nayo ni azma ya kusoma.

Lugha yetu yenyewe yatupa jambo la kutafakari. Msichana akienda skuli, twasema yuasoma. Akifungua msahafu, yuasoma. Akishika kitabu cha hadithi barazani, yuasoma pia. Kisha mtihani wa mwisho ukipita, jamaa wote husema kwa furaha, "Fulani amemaliza kusoma." Furaha yenyewe hatuipingi. Lakini kwa dada wengi maneno hayo yamekuwa kweli kwa maana ambayo hakuna aliyeikusudia. Anaolewa, au anapata kazi, au anabaki nyumbani kumwuguza mzazi, na kitabu alichokifunga siku ile hakifunguliwi tena. Miaka kumi baadaye ndiye anayesimama juu ya watoto wafanye kazi zao za skuli, ndiye anayewasikiliza wakidurusu sura zao za chuo, na yeye mwenyewe hana hata ukurasa mmoja ulio wake.

Ilhali tunajua sote kwamba neno la kwanza aliloteremshiwa Mtume wetu Muhammad (SAW) katika pango la Hira lilikuwa amri ya kusoma. Amri hiyo haikuwekewa mwisho wa Kidato cha Nne.

Wanaojaribu kurudi kitabuni hukwazwa mara nyingi na lengo lenyewe walilojiwekea. Mtu husikia kwamba fulani amesoma vitabu hamsini kwa mwaka, naye hujiandikia hamsini. Ikifika Mfunguo Tano hajamaliza hata cha kwanza, aibu humshika, na vyote huachwa. Bi Aisha (RA) amepokea kutoka kwa Mtume (SAW) kwamba amali zinazopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni zile zinazodumishwa, hata zikiwa chache. Kwa hivyo rai yetu ni kwamba lengo la kusoma lisipimwe kwa idadi ya vitabu. Lipimwe kwa wakati uliotengwa: saa ngapi, upande gani wa nyumba, na ni nani atakayemshika mtoto wakati huo. Swali hili la mwisho ndilo linaloamua mengi, nasi tutalirudia.

Tuanze na msahafu, kwa kuwa ndiwo kitabu kilichoko katika kila nyumba yetu. Wazee wetu waliihesabu miezi kuanzia kufunguliwa kwa Ramadhani, na kwa hesabu yao Muharram ni Mfunguo Nne. Hesabu hiyo yatukumbusha jambo lisilopendeza: katika nyumba nyingi msahafu uliosomwa usiku na mchana katika mwezi mtukufu umekuwa ndani ya mfuko wake tangu Mfunguo Mosi.

Msahafu wa chapa ya Madina una kurasa 604, na mwaka wa Hijriya una siku 354 au 355. Husemwa mara kwa mara kwamba kurasa mbili kwa siku zatosha kuikhitimisha Qur'ani ndani ya mwaka, na kweli, zatosha kwa siku 302. Ila hesabu hiyo imefanywa na mtu asiyekosa siku. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu hapa pwani twayafuata, mwanamke aliye katika hedhi au nifasi hashiki msahafu wala hasomi Qur'ani. Siku za hedhi peke yake zaweza kupita 60 au hata 80 kwa mwaka. Ongeza homa za watoto, arusi za jamaa, matanga na safari. Dada aliyejiwekea kurasa mbili za kila siku atajiona amechelewa kuanzia mwezi wa kwanza, ingawa hana kosa lolote. Basi na ajiwekee tatu kwa siku anazoweza. Kwa kurasa tatu, msahafu wote humalizika kwa siku 202 hivi, na mwaka humwachia siku zaidi ya 150 za udhuru na mapumziko.

Yuko pia mama ambaye amekhitimisha mara nyingi na sasa anatamani kuelewa anachokisoma. Huyo asifuate hesabu hiyo hata kidogo. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, ambaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alitutolea tafsiri yake, Qurani Takatifu, kwa Kiswahili mwaka wa 1969. Ukurasa mmoja kwa siku pamoja na maana na maelezo yake utamchukua zaidi ya mwaka na nusu. Na umchukue. Hakuna mtu aliyemwekea muhula.

Na siku ambazo msahafu haushikwi? Hizo ndizo siku za vitabu vingine, wala zisiitwe siku zilizopotea. Hapa sisi tuna kitabu tunachokipenda kuliko vyote, na tutawaomba wasomaji watuvumilie tukikizungumza kwa urefu kidogo. Mnamo 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mwanamke wa Pate, akiwa mgonjwa, alimwita binti yake Mwana Hashima amsogelee na wino na karatasi, akamtungia utendi wa wasia. Aliaga dunia baada ya miaka michache, na utendi ukabaki. Una beti 100 na ushei tu. Akisoma beti mbili kwa siku, mtu yeyote ataumaliza kabla ya miezi miwili kutimia.

Twasema beti mbili kwa sababu maalumu. Kiamu cha Mwana Kupona si Kiswahili cha skuli, na mtoto aliyekulia Mombasa au Malindi atakwama katika kila mstari. Huko kukwama ndiko kunakotupendeza. Bibi aliyezaliwa Lamu, Siyu au Faza, ambaye labda hakuketi darasani hata siku moja, ndiye atakayeulizwa maana ya neno, naye ataeleza, kisha ataongeza kisa, na pengine ataendelea na beti kwa ghibu kabla hazijafikiwa. Ubeti mmoja umetosha kuweka mezani watu wa vizazi vitatu. Tunajua kwamba baadhi ya dada wa leo hawakubaliani na nasaha za Mwana Kupona kuhusu mke na mumewe. Wana haki ya kuzijadili, na wazijadili wakiwa wameusoma utendi wenyewe, badala ya kutegemea walichosikia kwa watu.

Aliyeweza utendi huo kwa herufi za Kizungu aweza kujaribu jambo moja zaidi. Tenzi hizi ziliandikwa awali kwa herufi za Kiarabu, na bibi zetu waliandikiana barua kwa herufi hizohizo. Anayesoma Qur'ani tayari anazo nyingi kati yake. Zilizoongezwa kwa sauti za Kiswahili kama "p" na "ch" ni chache mno. Mwezi mmoja wa mazoezi utafungua barua kuukuu zilizomo ndani ya sanduku la bibi, ambazo nyumba nyingi zazihifadhi bila ya mtu wa kuzisoma.

Kwa mwenye dakika chache zaidi kuna makala mafupi ya Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka wa 1932 na baadaye akawa Kadhi Mkuu. Yamekusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi. Na kwa wanaolalamika kwamba vitabu ni ghali, twawaomba wafungue lile katoni la vitabu vya fasihi walilolirithi kwa kaka na dada zao. Pengine watakuta humo Utengano cha Said Ahmed Mohamed, kisa cha msichana Maimuna aliyefungiwa ndani na babake. Mama aliyekisoma kwa ajili ya mtihani, akikisoma tena akiwa na binti wa miaka kumi na minne, atakuta kitabu kingine kabisa. Kurasa tano kwa siku humaliza kitabu cha kurasa 150 kwa mwezi mmoja.

Sasa turejee kwa yule wa kumshika mtoto. Mchana wa nyumba zetu una saa moja iliyo tulivu kuliko nyingine, nayo ni baada ya alasiri, watoto wakiwa chuoni. Saa hiyo kwa desturi huliwa na kufua, kukuna nazi na kuandaa cha usiku. Robo saa yake ikitengwa kwa kitabu cha mama, chakula hakitachelewa kwa kiasi cha kumwudhi mtu muungwana. Mume anayesema kwamba angependa mkewe awe na elimu amchukue mdogo, ampeleke barazani kwa dakika hizo kumi na tano. Wasichana wakubwa nao wafundishwe kwamba mama akiwa na kitabu mkononi haulizwi chumvi iko wapi. Tumeona nyumba ambamo baba akisoma gazeti watoto hunyamazishwa, na mama akifungua kitabu huulizwa kama amekosa kazi. Hilo la pili latuudhi, na tunaliandika hapa ili lisomwe na wanaume pia.

Kuhusu simu tutasema kidogo. Hakika watu husoma mno siku hizi kuliko tunavyodhani, lakini ni vipande vya hapa na pale, nusu yake havina mwandishi anayejulikana, na nyingine ni hadithi zinazonasibishwa na Mtume (SAW) bila ya sanadi. Mwenye kitabu chake kwenye simu hana lawama. Aizime mitandao kwa hiyo robo saa tu.

Anayetaka kuanza juma hili hahitaji zaidi ya daftari dogo la skuli. Aandike tarehe, jina la kitabu, ukurasa aliofikia, na neno moja alilolazimika kumwuliza mtu. Siku aliyokosa airuke bila ya kuandika udhuru. Ukurasa wa mwisho wa daftari auache kwa vitabu vya kuazima, na majina ya wenyewe kando yake, maana kitabu kilichoazimwa Muharram hakina sababu ya kukutwa bado kwetu Ramadhani ikiingia.