Mikono na miguu isipoelewana, mwogeleaji huchoka mapema

Na Mwandishi Wetu

KIJANA aliyekulia Iwawa, makao makuu ya Wilaya ya Makete mkoani Njombe, huweza kupanda mlima bila kuhema. Lakini akiteremka hadi mwambao wa Ziwa Nyasa, wilayani Ludewa, na kujaribu kuogelea mtindo huru, mita 20 tu zaweza kumtoa pumzi.

Mara nyingi tatizo si ukosefu wa nguvu, bali ni mikono na miguu kwenda kila mmoja kwa mwendo wake. Mikono huvuta maji kwa pupa huku miguu ikisahauliwa na kuzama, au miguu hupiga mateke makubwa mfululizo na mikono ikabaki nyuma. Kwa hali zote mbili mwili huinama, maji hupinga kifua na pumzi hukatika.

Kimsingi, katika mtindo huru mikono ndiyo hutoa sehemu kubwa ya nguvu ya kusukuma mwili mbele. Kazi ya miguu ni kuinua nyonga, kulinda mizani na kusaidia mwili kugeuka upande mmoja hadi mwingine. Misuli ya mapaja ni mikubwa na hutumia hewa nyingi, hivyo anayepiga mateke kwa fujo humaliza pumzi kabla ya kufika mbali.

Mpangilio unaotumika sana ni wa mateke sita kwa kila mzunguko wa mikono miwili, yaani mateke matatu kwa kila mkono. Mkono wa kulia unapoingia majini mbele ya kichwa, mguu wa kushoto hupiga chini. Hufuata mguu wa kulia, kisha wa kushoto tena. Teke la nne, ambalo ni la mguu wa kulia, hukutana na mkono wa kushoto unapoingia majini.

Kwa maneno mengine, utaratibu huo haupishani sana na ule wa kutembea, ambapo mkono wa kulia huenda mbele pamoja na mguu wa kushoto. Anayepanda vilima vya Makete kila siku tayari anao mwendo huo mwilini. Kinachobaki ni kuuhamishia majini.

Waogeleaji wa mbio fupi, kama mita 50 na 100, hutegemea mateke sita. Mbio hizo ndizo walizoshiriki Watanzania Sophia Latiff na Collins Saliboko katika Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Wengi wa waogeleaji wa masafa marefu hutumia mateke mawili tu kwa mzunguko, ili kutunza pumzi.

Historia nayo inaonyesha kuwa kuoanisha viungo hivyo hakukuwa jambo jepesi. Mwaka 1873, Mwingereza John Trudgen aliwashangaza watu wa London kwa kurusha mikono juu ya maji, lakini miguu yake ilifunguka na kufunga kama mkasi. Teke la juu na chini lilienea katika mashindano mwanzoni mwa karne ya 20, likihusishwa na waogeleaji wa Australia, wakiwamo wa familia ya Cavill.

Kwa anayejifunza, hatua ya kwanza ni kuelea kifudifudi na kutoa pumzi taratibu ndani ya maji. Hatua ya pili ni mateke peke yake, mikono ikishika ubao wa kuelea. Teke lianzie kwenye nyonga, goti lipinde kidogo tu na kifundo cha mguu kilegee.

Hatua ya tatu ni kulala ubavu, mkono mmoja ukiwa umenyooshwa mbele, huku miguu ikiendelea kupiga. Baadaye mwanafunzi hutumia mkono mmoja kwa zamu, akihesabu moyoni: moja, mbili, tatu. Kwenye "moja" mkono huingia majini na mguu wa upande wa pili hupiga. Hesabu ikizoeleka, mikono yote miwili huunganishwa.

Kuvuta pumzi huongezwa mwisho. Kichwa hugeuka pamoja na bega, wala hakiinuliwi mbele, kwa kuwa kichwa kikipanda miguu huzama na hesabu yote huvurugika. Mwendo ukipotea, ni heri kusimama na kurudi hatua ya nyuma kuliko kuongeza nguvu.

Hata hivyo, kujua mtindo huru si kinga kamili. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Kwa sababu hiyo, mwanafunzi anapaswa kuweza kuelea chali na kupumzika kabla ya kufikiria kasi.

Tahadhari hiyo ina uzito zaidi nyanda za juu, ambako miezi ya Juni na Julai huwa na baridi kali. Maji ya baridi humfanya mtu ahemke ghafla dakika ya kwanza, na anaweza kuyameza. Mazoezi yafanyike kwenye maji tulivu yanayoishia kifuani, chini ya uangalizi wa mtu mzima anayejua kuogelea, na kamwe mtu asiingie mtoni peke yake.