Kuwasha Injini ya Dizeli Penye Baridi: Kutoka Kyela hadi Uwanda wa Kitulo

Gari la dizeli lililolala Kyela mjini, au Matema ufukoni mwa Ziwa Nyasa, kwa kawaida huwaka asubuhi mara tu ufunguo unapozungushwa. Gari hilohilo likipakia mchele, likapanda kupitia Tukuyu na Kiwira, likaiacha barabara kuu ya Mbeya pale Isyonje na kulala Kitulo usiku mmoja wa mwezi Julai, huenda kesho yake likagoma kabisa. Stata huzunguka kwa uzito, moshi mweupe hutoka kidogo katika bomba, betri huanza kulegea, na abiria huombwa washuke wasukume. Lawama huangukia mafuta, au betri, au baridi yenyewe. Lakini yawezekana kabisa kwamba ubovu ulikuwamo garini kwa miezi mingi, ukifichwa na joto la ziwani.

Kyela imo katika tambarare ya ziwa, mita zipatazo 500 tu juu ya usawa wa bahari. Uwanda wa Kitulo una mwinuko wa mita 2,600 hivi, na kati ya Juni na Agosti sakitu huonekana huko juu ya majani wakati wa alfajiri. Kanieneo ya hewa nayo hupungua kwa karibu robo nzima ikilinganishwa na ile ya Kyela. Kwa hiyo, katika safari ya saa chache, injini hutolewa katika hewa nzito yenye joto na kuingizwa katika hewa baridi iliyo nyepesi. Injini ya petroli huyahisi mabadiliko hayo, lakini ya dizeli huyahisi zaidi, na sababu yake imo katika namna inavyowasha moto wake.

Injini ya petroli huwashwa kwa cheche ya umeme. Injini ya dizeli haina cheche. Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani ambaye injini yake ya kwanza iliyofanya kazi vizuri ilijaribiwa mjini Augsburg mwaka 1897, alitumia jambo ambalo kila mwenye baiskeli amelikuta: ukiziba tundu la pampu kwa kidole na kusukuma kwa nguvu, ncha ya pampu hupata joto. Hewa ikigandamizwa haraka hupanda joto. Katika injini ya dizeli pistoni huibana hewa mpaka ibaki sehemu moja ya ishirini hivi ya ujazo wake wa awali. Hapo nozeli hupuliza mafuta kwa matone madogo mno, nayo huwaka kwa joto la hewa hiyo.

Mwanafunzi wa fizikia anaweza kulipima jambo hili kwa hesabu. Halijoto ya mwisho, kwa kelvini, ni halijoto ya mwanzo mara uwiano wa mgandamizo uliopandishwa kwa kipeo fulani. Kama hakuna joto linalopotea, kipeo hicho kwa hewa ni 0.4. Katika injini baridi joto jingi hunyonywa na kuta za silinda, na hewa kidogo huvuja kando ya ringi za pistoni, hivyo kipeo hushuka, 0.25 ni makadirio yafaayo. Hewa ya nyuzi 25 za Sentigredi ni kelvini 298. Ikigandamizwa mara 20 hufikia kelvini 630 hivi, yaani nyuzi 357. Hewa ya nyuzi 5 itafikia nyuzi 315 tu. Tofauti ya nyuzi 20 nje ya injini imekuwa tofauti ya nyuzi 42 ndani yake.

Mafuta ya dizeli huanza kuwaka yenyewe katika nyuzi zipatazo 210 hadi 250, na msomaji aweza kudhani kwamba 315 zinatosha. Zingetosha kama muda ungekuwapo. Stata huizungusha injini mara mia moja au mia mbili hivi kwa dakika, na pistoni hukaa karibu na kilele cha safari yake kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Tone la mafuta halina budi kupata joto, kugeuka mvuke, kuchanganyika na hewa na kuwaka kabla pistoni haijashuka. Hewa iliyo chache ya mlimani huchelewesha mwako huo. Zaidi ya hayo, oili huwa nzito penye baridi, na betri iliyopoa hadi nyuzi 0 hupoteza karibu theluthi ya nguvu yake ya kuzungusha stata. Injini ikizungushwa polepole, hewa hupata nafasi zaidi ya kuvuja na kupoa. Kipeo kikishuka hadi 0.2 tu, ile hewa ya nyuzi 5 itafikia nyuzi 233. Hapo mafuta hutoka bombani yakiwa ukungu mweupe ambao haukuungua.

Upungufu huo ndio unaojazwa na plagi za hita. Kila silinda ina yake: kijiti cha chuma chenye unene wa kalamu au pungufu, ambacho ncha yake imechomoza mahali mafuta yanapopulizwa. Ndani ya kijiti mna waya wa koili uliozungukwa na unga wa oksidi ya magnesi, unaozuia umeme lakini hupitisha joto. Umeme wa betri ukipita, ncha huwa nyekundu na kufikia nyuzi 800 au zaidi. Plagi hii haitoi cheche. Kazi yake ni kuweka mahali pamoja penye moto mkali, ili tone la kwanza likiguswa liwake na kuwasha mengine.

Injini nyingi za magari madogo ya miaka ya nyuma, zikiwamo za Land Rover na Toyota Land Cruiser zilizozoeleka katika barabara zetu, zilikuwa na chumba kidogo cha pembeni ambamo mwako ulianzia. Kuta za chumba hicho hunyonya joto sana, na bila hita huwaka kwa shida. Malori makubwa yapulizayo mafuta moja kwa moja juu ya pistoni hupoteza joto kidogo zaidi, na mengi hayana plagi hizi.

Katika Land Rover za zamani plagi ziliunganishwa kwa mfululizo. Moja ikikatika, zote zilizimika, na dereva alijua siku hiyohiyo. Baadaye zikaunganishwa sambamba, kila moja ikipata volti zote za betri. Mpango huu ni bora, lakini una hila yake: plagi moja ikifa, nyingine huendelea, na taa ya dashibodi huwaka na kuzimika kama kawaida. Hata mbili kati ya nne zikifa, Kyela gari litawaka. Mlimani halitawaka.

Madereva wengi huogopa kwamba kusubiri hita kunamaliza betri. Hesabu yasema vingine. Plagi ya volti 12 inayopitisha ampea 10 hutumia wati 120. Nne hutumia wati 480. Kwa sekunde 20 ni jouli 9,600. Stata hutumia kilowati 2 au zaidi, hivyo nishati hiyohiyo huiendesha kwa sekunde tano tu. Anayekosa subira kwa sekunde 20 huilipa betri yake mara kadhaa.

Penye baridi, basi, dereva huzima taa na redio, huweka gia huru na kukanyaga klachi ili stata isiburute oili nzito ya gia boksi. Hufungua ufunguo hadi taa ya hita iwake, na husubiri izimike. Katika plagi za zamani husubiri sekunde chache zaidi, kwa kuwa mara nyingi umeme haukatiki taa inapozimika. Kisha huzungusha stata kwa sekunde zisizozidi kumi hivi. Ikishindikana huipumzisha nusu dakika ipoe, na kuanza tena kwenye hita, si kwenye stata. Injini ikishika haikanyagiwi mafuta kwa fujo, kwa sababu oili bado haijafika kila mahali.

Zipo njia za mkato zilizo za hatari. Kumwaga petroli au kupuliza etha katika njia ya hewa wakati plagi zina moto huleta mlipuko kabla ya wakati wake, na huweza kuvunja pistoni. Kuwasha moto chini ya kasha la oili kumeteketeza magari. Kusukuma gari kwenye mteremko ni jambo la kutisha zaidi katika milima hii: breki za magari mengi ya dizeli husaidiwa na pampu inayoendeshwa na injini, na injini isipozunguka, msaada huo huisha baada ya kukanyaga mara mbili au tatu.

Katika magari ya zamani fundi hupima plagi kwa urahisi. Huondoa kipande cha chuma kinachoziunganisha, kisha hugusisha waya mmoja wa taa ndogo ya volti 12 kwenye chanya ya betri na wa pili kwenye kichwa cha kila plagi. Taa isipowaka, waya wa ndani umekatika. Magari ya leo yenye kompyuta huwa na plagi za volti pungufu ya 12, na hizo ziachiwe fundi mwenye kipimo chake. Dereva asiye na taa ya kupimia ana dalili nyingine, na huipata hukohuko Kyela: injini inayowaka asubuhi ikitikisika, ikatoa moshi mweupe kwa nusu dakika, kisha ikatulia, ina silinda moja au mbili ambazo zimechelewa kushika moto.