Mgongo Unaouma Hautaki Kitanda

Mtu akishikwa na kiuno, ushauri wa kwanza anaopewa nyumbani ni kulala: atafutiwe godoro gumu, asiiname, asibebe hata ndoo. Unatoka kwa wanaompenda, lakini ulishapimwa ukashindwa. Mwaka 1986 daktari Richard Deyo na wenzake nchini Marekani waliwagawa wagonjwa 203 makundi mawili, hili likaambiwa lilale siku mbili, lile siku saba. Nafuu haikutofautiana. Waliolala siku mbili ndio waliokosa kazi siku chache zaidi.

Hofu nyingine huletwa na picha. Mgonjwa hutoka kwenye MRI na karatasi isemayo diski zimechakaa, na kuanzia hapo hauamini tena mgongo wake. Uchambuzi uliochapishwa 2015 ulikusanya picha za watu wasioumwa kabisa. Uchakavu huo ulionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Kwa wengi ni mvi tu, ila zimeota ndani.

Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutibu bila upasuaji maumivu sugu ya mgongo, yaani yaliyozidi miezi mitatu na hayatokani na ugonjwa mwingine. Mkanda wa mgongo, kuvutwa kwa mashine na dawa za jamii ya afyuni havikupendekezwa. Inaniuma, maana mikanda ndiyo inayomaliza fedha za watu. Kilichopendekezwa ni elimu, mazoezi, kuchuliwa, msaada wa kisaikolojia, na dawa za kupunguza uvimbe kama ibuprofen.

Hata kutembea ni tiba. Huko Australia, utafiti wa 2024 uliwafuatilia watu 701 waliokuwa wametoka kupona. Nusu ya waliofundishwa kutembea hatua kwa hatua walimaliza siku 208 kabla maumivu hayajarudi. Kwa wenzao wasiofundishwa zilikuwa 112.

Lakini miguu ikiishiwa nguvu, sehemu za siri zikifa ganzi, au mkojo ukigoma ama ukitoka wenyewe, nenda hospitali siku hiyohiyo. Homa na kukonda navyo visipuuzwe, kwani kifua kikuu huingia hata kwenye uti wa mgongo. Kama huna dalili hizo, muone mtaalamu wa fiziotherapia akupe mazoezi kabla hujalipia mkanda.