Chupa ya lutuku si chupa ya maji



Katika mkutano wetu, mama mmoja alisimama akasimulia jambo ambalo wengi tunalificha. Mtoto wake wa miaka 3 alitoka kucheza na kiu, akakuta chupa ya maji nyuma ya mlango, akanywa. Kumbe ni lutuku. Akaanza kuyumba, kisha akalala, haamki. Kwenye kituo cha afya mama alisema: “Ni malaria.” Aliogopa, kwa sababu lutuku imekatazwa na sheria, tena ndiyo inayolipa minervali ya wakubwa wa mtoto huyo. Mganga aliponusa kinywa cha mtoto, ukweli ukatoka. Wakamtia serumu ya sukari, akapona.

Hatumcheki. Tunamshukuru, maana ametufundisha.

Lutuku inashusha sukari katika damu ya mtoto mdogo. Anaweza kushikwa na degedege, hata kufa. Mtoto akimeza bangi, anasinzia sana, anakosa nguvu ya kusimama, na pengine anapumua kwa shida. Kidonge cha tramadol kinaweza kumkatia pumzi kabisa. Mama akisema malaria, mganga atatafuta malaria, na saa zinapita.

Ikitokea nyumbani kwako:

– Usimtapishe mtoto. Usimpe maziwa wala mawese. Akiwa amesinzia, vitaingia katika mapafu.
– Mlaze kwa ubavu, kisha mpeleke kwa mganga mara moja, hata kama ni usiku. Usingoje aamke.
– Beba chupa, karatasi au kidonge kilichobaki.
– Sema alichomeza, kiasi gani na saa ngapi. Mganga anataka kuokoa mtoto, hakuulizi ili akushitaki.

Na kabla haijatokea: tusiweke kamwe lutuku, petroli au dawa katika chupa ya maji au ya Fanta. Mtoto hajui kusoma. Anajua chupa tu. Kama kuna mtu nyumbani anayevuta bangi, baba, kaka au mgeni, tumwambie wazi: isibaki mfukoni mwa koti lililotundikwa chini, wala chini ya godoro.

Sisi walimu tunapenda kutoa kazi ya nyumbani. Hii ndiyo ya juma hili: kila mama apige magoti ndani ya nyumba yake, awe na urefu wa mtoto wake, aangalie mkono mdogo unaweza kufika wapi. Mkutano ujao tutaulizana tumekuta nini.